Safari ya baiskeli ya siku tatu: jiandalie siku ya pili

Msomaji mmoja wa Kisauni ameandika kuuliza. Yeye na wenzake wanataka kuendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi na kurudi, siku tatu, mwezi wa Agosti, ili kuchangia matibabu ya watoto. Zimebaki wiki nane na anataka kujua anunue baiskeli gani.

Ndugu yangu, kama baiskeli uliyo nayo ni saizi yako, fremu haina ufa na gia zinashika, baki nayo. Pesa hiyo iweke kwenye tairi, cheni na kaptula nzuri. Siku ya kwanza karibu kila mtu anafika, maana ari ipo na watu wanashangilia barabarani. Safari hupimwa asubuhi ya siku ya pili, unapolazimika kukalia kile kiti tena huku mapaja yamekaza.

Kwanza, upepo. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Kilifi iko karibu katikati. Makundi mengi hulala Kilifi, kesho yake Malindi, kisha siku ya tatu hurudi moja kwa moja. Mpango huo unafaa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa kuwa upepo unakusindikiza ukirudi. Agosti ni kusi, upepo utokao kusini, na Malindi iko kaskazini ya Mombasa. Kusi itawasukuma mgongoni mkienda na kuwapiga usoni mkirudi, na kilomita 120 za upepo wa uso siku ya tatu zitawamaliza. Geuzeni mpango: siku ya kwanza nendeni hadi Malindi moja kwa moja, miguu ikiwa mipya, kisha marejeo myagawe mara mbili kwa kulala Kilifi. Kilomita ni zilezile, taabu inapungua sana.

Ondokeni saa 11 na nusu alfajiri, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ili mpite Kongowea, Bombolulu na Mtwapa kabla matatu hazijachangamka. Mchana jua ni kali na upepo wa baharini unazidi, kwa hiyo sehemu kubwa iwe imekwisha kufikia saa 5. Mashamba ya mkonge ya Vipingo hayana kivuli cha maana, yapiteni mapema. Barabarani endesheni mmoja nyuma ya mwingine, kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingo wa lami. Anayejibana ukingoni kabisa ndiye anayeanguka: gurudumu la mbele likishuka kwenye mchanga na akajaribu kulirudisha kwa pembe ndogo, ukingo unalishika na kumtupa upande wa magari. Ukishuka, shuka kabisa, simama, halafu upande tena.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Siku mbili katikati ya wiki, saa moja moja. Jumamosi safari ndefu, Jumapili nyingine ya karibu nusu yake, na hiyo ya Jumapili usiikose hata ukiwa umechoka, kwa kuwa ndiyo inayokufundisha siku ya pili. Jumamosi ya kwanza kilomita 25, kisha 35, kisha 45. Wiki ya nne rudi 30, mwili upumzike. Halafu 60, 75, 90. Wiki ya mwisho punguza yote kwa nusu. Aliyefika 90 Jumamosi na 45 Jumapili yuko tayari. Anayefanya kilomita 40 kila Jumamosi kwa miezi mitatu bado hajajiandaa, hata akijisifu vipi.

Urefu wa kiti: vaa viatu utakavyosafiria, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukikanyaga sasa kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno. Rekebisha milimita 5 kwa wakati mmoja, si zaidi. Vidole vikiingia ganzi, usukani uko chini au mbali sana. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, kwa kuwa mshono wa chupi ndio unaochubua. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuondoka, na ukifika vua, oga, fua kwa sabuni na uanike mara moja. Mnahitaji kaptula mbili kila mtu, sababu unyevu wa Pwani usiku haukaushi kitu. Na usibadilishe kiti wiki ya mwisho.

Kunywa kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafunda madogo. Maji matupu pekee kwa saa nyingi ni hatari: unatoka jasho la chumvi, unarudisha maji yasiyo na chumvi, kisha kichefuchefu na kichwa kuuma vinaanza, na mtu anadhani azidi kunywa. Chupa moja iwe ya maji, ya pili iwe na sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu ukipenda. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja uliyokosa kunywa. Chakula ni kidogo kidogo kila dakika 40 hivi: ndizi, tende, mahamri. Viazi karai vya mafuta mengi viacheni hadi mfike.

Pancha nyingi kwenye barabara kuu zinaletwa na vijinyuzi vya chuma kutoka tairi za malori zilizopasuka. Vinapenya kwenye mpira hata usivione. Ukibadilisha tyubu bila kukitafuta kile kijiuzi, utapata pancha ya pili baada ya dakika kumi. Kwa hiyo ukiitoa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu, kisha ilaze juu ya tairi ukilinganisha na vali ili ujue mahali penyewe. Pitisha kitambaa chembamba ndani ya tairi. Kitanasa kwenye ncha. Vuta kwa kikoleo au kikata kucha. Matundu mawili yanayokaa sambamba ni habari nyingine: upepo ulikuwa kidogo, rimu ikaibana tyubu kwenye shimo. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya milimita 28, upepo wa psi 70 hadi 80 (kipimo kinachosomwa kwenye geji ya pampu) unatosha. Tairi nene ya inchi 2, psi 35 hadi 45.

Cheni ipimwe kwa tepu. Anza katikati ya pini moja: pini inayoangukia inchi 12 iwe pale pale. Ikipita kwa karibu milimita moja na nusu, badilisha cheni sasa. Ikipita kwa milimita tatu, friwili (meno ya gurudumu la nyuma) nayo imekwisha, na cheni mpya itaruka juu ya meno yaliyolika. Badilisheni wiki tatu kabla, ili kasoro zijitokeze kwenye mazoezi. Spoki za gurudumu la nyuma ndizo hukatika zaidi. Fundi azipitie zote, na mbebe tatu za urefu huohuo. Kila mtu abebe tyubu mbili, viraka, pampu na spana za alen (za pembe sita) za milimita 4, 5 na 6.

Tafadhali, pesa za mchango zisipite kwenye namba ya simu ya mtu. Toeni Paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya hospitali au taasisi inayopokea, na gharama za chakula, malazi na gari la msaada zilipwe na waendeshaji kwa mfuko tofauti, zikitangazwa tangu mwanzo. Anayetuma shilingi 200 ana haki ya kujua kwamba hazikununua tyubu yako. Mkirudi, ndani ya wiki moja wekeni hadharani jumla iliyopokelewa pamoja na risiti ya taasisi.