Maswali na majibu: bastola ndogo ya mfukoni

Maswali ya safari hii yametoka karibu yote kwa wasomaji walioko Marekani, ambako majimbo mengi humruhusu mtu mzima asiye na rekodi ya jinai kubeba bastola iliyofichwa, mengine kwa kibali na mengine bila kibali. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nataka bastola ya kuingia mfukoni. Dukani nimeonyeshwa Ruger LCP Max, Smith & Wesson Bodyguard 2.0, SIG P365 na rivolva ya Smith & Wesson 642. Nichukue ipi? (Msomaji, Houston, Texas)

Ndugu yetu, muuzaji amekuwekea mezani vitu vitatu tofauti. LCP Max na Bodyguard 2.0 ni pacha: zote zinatumia risasi ya .380, zina uzito wa gramu 300 au pungufu kidogo zikiwa tupu, mtutu wa milimita 70 hivi, na magazini ya risasi 10. Hizi ndizo za mfukoni hasa. P365 ni ya milimita 9 na ina gramu 500 hivi. Ni tamu zaidi kulenga nayo, lakini kwenye suruali nyingi mpini unachungulia nje na mfuko unaning'inia upande mmoja. Hiyo ni bastola ya kiunoni. Ukiilazimisha mfukoni utaichoka, na baada ya mwezi itakuwa inalala kabatini.

642 ni habari nyingine. Inabeba risasi tano tu za .38 Special na silinda yake ina unene wa milimita 33, lakini umbo lake la mviringo halichori alama ya bastola kwenye nguo. Nyundo imefichwa ndani ya fremu, kwa hiyo hakuna kitu cha kunasa kitambaa unapoichomoa. Kwenye koti la baridi haina mpinzani.

Kwa joto la Houston na suruali nyepesi, sisi tungechagua kati ya zile mbili za .380, na tungeiachia triga iamue. Lakini usilipe kabla ya majaribio mawili. La kwanza ni la mfuko. Nenda dukani na suruali unayovaa siku zote, uombe kuitia bastola tupu mfukoni, kisha kaa, inuka na uichomoe. Mkono mtupu huingia kwenye mfuko wa jinzi bila shida. Ukishashika mpini unakuwa ngumi, na ngumi haitoki. Dawa yake ni kulaza kidole gumba nyuma ya slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopiga, badala ya kukizungusha, mkono ukabaki bapa mpaka uvuke mdomo wa mfuko. Mkono ukikataa kutoka hata hivyo, badilisha suruali.

Jaribio la pili ni la kiwanja cha shabaha. Viwanja vingi hukodisha bastola. Kodi unayoitaka na piga risasi 50 kwa umbali wa mita 5. Bastola nyepesi hupiga teke kali kuliko nzito ya risasi ileile, maana hakuna uzito wa kulipunguza. Ukiona unafumba macho kabla ya mlio, au risasi zote zinaangukia chini ya shabaha, hiyo ni hofu ya teke, na utayakwepa mazoezi. Bora kubwa kidogo unayoipiga kila mwezi.

Risasi ya .380 inatosha kweli? Rafiki zangu wanaicheka. (Msomaji, Nashville)

Inatosha ukiichagua kwa makini. Kichwa cha risasi ya .380 kina kipenyo sawa na cha milimita 9. Kilichopungua ni ganda na baruti. John Browning aliibuni mwaka 1908 kwa ajili ya bastola za mfukoni, na kazi yake haijabadilika.

Kipimo kinachotumika ni cha FBI, kilichotokana na mapambano ya risasi kati ya maofisa wake na majambazi huko Miami mwaka 1986: risasi ipenye sentimita 30 hadi 46 kwenye jelatini ya asilimia 10, inayotumika badala ya nyama ya mwili. Tatizo la mtutu mfupi ni kwamba risasi haipati kasi. Ile ya kichwa chenye tundu ama inapanuka mapema na kuishia njiani, ama tundu linazibwa na kitambaa isipanuke kabisa. Tafuta risasi ya kujihami iliyojaribiwa kwenye mtutu wa bastola kama yako, sio kwenye mtutu wa inchi nne. Hornady XTP yenye kichwa cha greni 90 (gramu 6 hivi) ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa rivolva nyepesi ya .38, risasi ya greni 148 yenye kichwa bapa hupenya vizuri na haiumizi kiganja.

Nina miaka 61 na vidole vina baridi yabisi. Slaidi za hizi bastola ndogo siziwezi. Nifanyeje? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Shikamoo mama. Kwanza tuhakikishe tatizo ni nguvu na sio namna ya kushika. Wengi huishika slaidi kwa ncha za vidole viwili na kuivuta nyuma. Ifunike kwa kiganja chote kutoka juu, isogeze bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea pasipo na mtu na kidole kikiwa mbali na triga. Kisha uache mkono wa slaidi usimame, na ule wa mpini ndio usukume mbele kwa nguvu. Ikifika mwisho, iachie ijirudie yenyewe.

Ikikataa, wauzaji watakukimbilizia rivolva kwa sababu haina slaidi. Wasichokwambia ni kwamba triga ya 642 inahitaji zaidi ya kilo 5 za kuvuta, kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ndicho kinachouma. Ijaribu ikiwa tupu mara tano mfululizo kabla ya kukubali. Beretta wana Bobcat ya .22 na Tomcat ya .32 ambazo mtutu wake huinuka kwa kubonyeza wenzo wa pembeni, ukaweka risasi moja kwa moja ndani. Zina kasoro mbili. Hazina kucha ya kung'olea ganda, kwa hiyo risasi ikigoma kulipuka huitoi kwa kuvuta slaidi; lazima uinue mtutu. Na risasi ya .22 fataki yake, ile kemikali inayowasha baruti, imesambazwa kwenye ukingo wa ganda, ndiyo maana hugoma mara nyingi kuliko nyingine.

Ukiweza kubeba kiunoni au kwenye mkoba wenye sehemu maalumu ya bastola, Shield EZ ya .380 imetengenezwa na slaidi laini kwa makusudi. Mfukoni haikai, lakini ndiyo tungekushauri.

Bastola yangu ya .380 inakwama kila magazini. Fundi anasema ni mbovu, muuzaji anasema ni mkono wangu. Nani mkweli? (Msomaji, Phoenix)

Yawezekana wote. Ukwamaji wenyewe husema, mradi usiuondoe haraka kabla ya kuutazama.

Ganda tupu limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda: slaidi haikurudi nyuma vya kutosha. Mara nyingi kifundo cha mkono kimelegea, bastola yote ikarudi nyuma pamoja na slaidi. Mpe mtu mwenye mkono imara apige magazini mbili. Kwake ikienda vizuri, umepata jibu. Kwake pia ikikwama, badilisha risasi kwanza, kisha safisha kucha ya kung'olea ganda, ambayo hujaa masizi chini yake.

Slaidi imesimama milimita mbili au tatu kabla ya kufunga: chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu) chafu, springi iliyochoka, au kidole gumba kinachosugua slaidi bila wewe kujua. Wakati mwingine ni wewe kuisindikiza slaidi kwa mkono badala ya kuiachia.

Mlio wa "taki" bila moto: subiri nusu dakika ukiwa umeelekeza mtutu kwenye shabaha, itoe risasi na uangalie fataki. Kovu la kina maana yake risasi ndiyo mbovu. Kovu jepesi linaelekeza kwenye bastola: mafuta mengi au uchafu kwenye njia ya pini inayogonga fataki.

Andika namba kwenye magazini zako kwa kalamu ya wino mzito. Kama inakwama namba 2 peke yake, midomo ya magazini hiyo imepinda. Itupe, usiinyooshe kwa koleo. Na ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, acha palepale, hata kama slaidi imejirudi. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na kinachofuata nyuma yake kitaupasua.

Bastola mpya tusingeibeba kabla haijapiga risasi 200 za mazoezi na 50 za aina utakayobeba, zile 50 bila kukwama hata mara moja. Ni gharama, tunajua.

Lazima holsta (ala ya bastola)? Bastola yenyewe ni ndogo. (Msomaji, Minneapolis, anayevaa kanzu Ijumaa)

Lazima. Holsta ya mfukoni inafunika triga, inaizuia bastola isigeuke kichwa chini, na inaficha umbo. Mfuko huo usiwe na kitu kingine: wala funguo, wala peremende, wala tasbihi. Unapoirudisha, itoe holsta nje, ingiza bastola ndani yake, ndipo utie vyote viwili mfukoni. Kuchomeka bastola kwenye holsta iliyo ndani ya mfuko ni kuipapasa triga usiyoiona.

Kuhusu kanzu, mfuko wa pembeni ni mrefu, kitambaa ni chepesi, na hata gramu 300 zinapigapiga paja kila hatua. Vaa suruali chini na uibebe humo. Ila kuinua kanzu kunachukua muda, na nyumba za ibada katika baadhi ya majimbo zina masharti yake, uliza kwanza.

Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Naweza kununua? Na mwenye kadi ya kijani anaweza kwenda nayo Mombasa? (Msomaji, Seattle)

Mwanafunzi, hapana. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, chini ya masharti ya jimbo lake. Mombasa aiache. Kenya inataka cheti chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na cheti hutaja silaha husika. Kibali cha Texas au Ohio hakina maana yoyote pale uwanja wa ndege wa Moi.

Niisafishe kila lini kama siipigi? (Msomaji, Houston)

Mara moja kwa wiki, bila kuifungua yote. Toa magazini, toa risasi ya chemba, tazama mara mbili, kisha pitisha mswaki mkavu kwenye triga, mdomo wa mtutu na midomo ya magazini. Utashangaa nyuzi za mfukoni zilizojaa humo. Mafuta tone moja kila upande wa reli za slaidi. Yakizidi yanashika vumbi.

Risasi ile ya chemba usiirudishe yenyewe kila wiki. Ikiingizwa mara nyingi kichwa chake huzama ndani ya ganda na shinikizo hupanda. Isimamishe kando ya risasi mpya kutoka kwenye boksi. Ikionekana fupi, iweke pembeni isitumike tena. Na springi ya slaidi kwenye bastola hizi huchoka mapema kuliko kwenye kubwa, kwa kuwa ni fupi na imekazwa sana. Ibadilishe kwa idadi ya risasi iliyotajwa kwenye kitabu chake.