Muulize Mwalimu: Julai imefika, pumzi zimekata

Septemba mnaniuliza yunifomu, Machi mnaniuliza sekondari, Julai mnaniuliza mtafikaje Ijumaa ya kufunga shule mkiwa wazima. Na mie nawajibu nikiwa na gundi kwenye kucha, tangu asubuhi tunabandua mapambo ya ukutani darasani na bado ukuta mmoja. Mwalimu mnaniita nyie tu, kazi yangu ni msaidizi wa mwalimu hapa England na mengi ntakayosema ni ya England, wa Scotland nyie mshafunga zamani mnatuchungulia tu. Haya twende.

Mwalimu shkamoo. Nina wawili, mmoja mwaka wa 2 mwingine mwaka wa 6 ndo anamaliza praimari. Nafanya kea, kutunza wazee na wagonjwa, shifti za usiku, na apu ya shule wiki hii haijanyamaza. Jumatatu michezo, Jumanne mdogo anaenda kumuona mwalimu wake mpya, Jumatano wavae nguo za nyumbani na waje na chupa, sijui chupa ya nini, Alhamisi gulio, Ijumaa asembli ya kuaga saa 3 asubuhi afu shule inafungwa saa 7 mchana. Kote siwezi. Nikikosa michezo mdogo analia, nikikosa asembli mkubwa ananuna. Niende wapi? – Mama wawili, Coventry

Marahaba mama. Tuanze na chupa. Hio ni ya bahati nasibu ya kwenye gulio, chupa yoyote ambayo haijafunguliwa, iwe sosi ya nyanya, iwe shampuu, wanaibandika namba afu Alhamisi watu wananunua tiketi. Usishangae ukaishinda mwenyewe, mie nshawahi kurudi nyumbani na shampuu yangu ileile niliyoitoa, na nimelipia tiketi tatu juu.

Jumanne lala, mtoto anaenda peke yake na wenzake, anakaa na mwalimu mpya asubuhi moja, anaoneshwa pa kutundika begi, basi. Gulio nalo mpe pauni 2 mfukoni aende na mama wa rafiki yake, sijaona mtoto aliyelia kwa sababu mama hakuja gulioni, wanalia kwa sababu hawana pauni 2.

Zinabaki mbili. Hizo sikufichi, zote zina uzito ila hazilingani muda. Michezo watu wanadhani lazima ukae kwenye nyasi kuanzia asubuhi na kiti cha kukunja na mwavuli. Si lazima! Piga simu ofisini uulize mwaka wa 2 wanakimbia saa ngapi, watakwambia, uende hapo hapo na yunifomu yako ya kazini, usimame dakika ishirini uondoke zako ukalale. Manake nikwambie kitu nnachokiona mie nikiwa nimewashika foleni. Mtoto wa miaka saba kwenye mbio za yai na kijiko haangalii yai. Anaangalia kamba walikosimama wazazi, anapita uso kwa uso kama anayetafuta namba ya nyumba, akikupata anakupungia kwa mkono uleule wenye kijiko, yai linadondoka (la plastiki, usiogope), anarudi kuliokota, anamaliza wa mwisho na meno yote nje. Ambaye hajamuona wa kwao naye anakimbia vizuri tu, anamaliza, afu anakuja kukaa karibu na mie anakunywa maji kimya. Halii wala nini. Kama kweli huwezi basi mtume mtu, shangazi, jirani, yeyote ambaye mtoto anaujua uso wake, na mwambie mtoto mapema nani anakuja asije akatafuta sura ambayo haipo.

Asembli ya Ijumaa hio ya mkubwa usiikose bana, haina marudio, ya miaka saba tangu risepsheni, lile darasa la kwanza kabisa la praimari. Leo hii hii, usingoje kesho, mwambie meneja akubadilishie shifti ya Alhamisi usiku, mpe mwenzio ya Jumamosi yako. Njoo na tishu. Na njoo na mfuko mkubwa, ule wa bluu wa kufulia, manake Ijumaa watoto wanarudishiwa kila kitu, madaftari ya mwaka mzima, viatu vya mazoezi, ngome ya maboksi yenye makaroni yamegandishwa juu. Ukipita ofisini chungulia kapu la vitu vilivyopotea, sweta zenu mnazonunua kila mwezi ziko mle zote.

Habari Mwalimu. Tiketi za kwenda nyumbani zimepanda vibaya ukisubiri shule ifungwe, nikiondoka siku nne kabla naokoa hela ya maana kwa watu wanne. Wiki ya mwisho wenyewe si wanaangalia filamu tu? Rafiki yangu kanishauri niseme watoto wanaumwa. – Baba, Milton Keynes

Kaka, bei ya tiketi nakuelewa, mie mwenyewe huwa nahesabu nalia. Ila hilo la kuumwa litakufia mikononi. Mwanao mdogo ananiambia kila kitu! Nshaambiwa na mtoto wa risepsheni, tena bila kumuuliza, "Jumanne tunapanda ndege kwa bibi lakini ni siri". Na shule ikikupigia simu kuulizia mgonjwa, mlio wa simu ya nje ya nchi unasikika tofauti.

Sheria iko hivi. Tangu Agosti 2024 mtoto akikosa shule bila ruhusa siku 5 ndani ya wiki 10 za shule, inabidi shule ifikirie faini. Wanahesabu kwa nusu siku, asubuhi moja mchana moja, kwa hio ni vipindi 10, na siyo lazima vifuatane. Zako ni siku nne unajiona salama, ila kama mwezi wa sita aliwahi kukosa siku moja bila ruhusa zishatimia tano hizo. Faini ni pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa mpaka siku 28 ni 160. Hapo wengi ndo wanapoanguka, hio ni kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Nyie wazazi wawili watoto wawili, piga mwenyewe, 320. Ukirudia ndani ya miaka mitatu inaanza na 160 moja kwa moja, ya tatu hamna tena faini ya kulipa, wanaweza kukupeleka mahakamani.

Mwalimu mkuu anaweza kutoa ruhusa kwa jambo la kipekee, msiba kwa mfano, na tiketi rahisi siyo jambo la kipekee hata ukiandika barua kwa machozi. Uamuzi ni wako, mie siwezi kukushikia hela yako. Ila ukiamua kwenda usidanganye, andika ukweli uombe, ukikataliwa ujue umekataliwa. Na filamu kweli tunawawekea, siku ya mwisho mchana, tukiwa tunafuta meza.

Mwalimu, ripoti ya binti yangu wa mwaka wa 4 imekuja kurasa tatu na sijaelewa kitu. Sisi enzi zetu tukisoma, ripoti inakwambia wa 7 kati ya 45, unajua unapigwa au unanunuliwa soda. Hii inasema "anaendelea kuelekea" kiwango. Ni wa ngapi? Na kuna karatasi ya mtihani wa tebo, zile za kuzidisha, kapata 17 kati ya 25, kafeli? – Baba Bint, Leicester

Hahaa, soda! Kaka hapa hamna wa ngapi, hata ukimbana mwalimu mlangoni hatokwambia, hapangi. Ripoti inampima mtoto na kiwango cha umri wake, siyo na mtoto wa jirani. "Anaendelea kuelekea" maana yake hajafika anapotegemewa kufika mwisho wa mwaka huu kwenye somo hilo, nenda kaangalie ni somo gani, mara nyingi ni kuandika tu na mengine yuko sawa, na wazazi wanasoma mstari mmoja wanaifunga kwa hasira.

Tebo hajafeli manake hakuna alama ya kufaulu kwenye ule mtihani. Ni maswali 25 kwenye kompyuta, sekunde 6 kila swali, tebo ya 2 mpaka ya 12, na wanapenda kuwauliza zile ngumu, ya 6, 7, 8, 9 na 12. Sekunde 6 ni kidogo, kuna mtoto jibu analijua kidole kinatafuta namba muda umekwisha. Kwa hio muulize lipi, hajui au hawahi? Kama hawahi, mchezesheni kwenye gari. Nina mtoto darasani tebo anafundishwa na bibi yake kwa Kiswahili kwa simu, ukimuuliza saba mara nane midomo inasema hamsini na sita kwanza ndo anaandika, na anawahi kuliko wote.

Wenye watoto wa mwaka wa 6 mlioniuliza namba za Sats, ile mitihani ya taifa ya kumaliza praimari, nimalizie hapa hapa. Ile inaanzia 80 inaishia 120, na 100 ndo kiwango kinachotegemewa. Siyo asilimia. Mama mmoja aliona 104 akaniuliza kapataje zaidi ya mia, nilicheka afu nikaona ana haki ya kuuliza.

Mwalimu nimnunulie nini mwalimu wa mwanangu? Grupu la WhatsApp wanachangishana pauni 10 kila mtu na mie sina. – Sina, Reading

Mdogo wangu, hudaiwi. Mie nina vikombe kumi na moja vya "mwalimu bora", nanywea kimoja. Kadi aloichora mtoto mwenyewe naiweka, ya mtoto mmoja aliyenichora na masikio marefu iko kwenye friji mpaka leo. Kwenye grupu andika "sisi tutaleta kadi yetu" ukae kimya, usijieleze.

Mwalimu wiki sita za likizo nawalisha nini na nawapeleka wapi? Shuleni wanakula bure. – Mama watatu

Hukusema wanakula bure kwa nini, na hapo ndo penye jibu. Watoto wa risepsheni mpaka mwaka wa 2 England nzima wanakula bure hata baba awe tajiri. Ila kama wenu ni bure kwa sababu ya kipato, kuna klabu za likizo za halmashauri, michezo na chakula, hulipi, mara nyingi siku nne kwa wiki kwa wiki nne. Nafasi zinajaa, omba kabla shule haijafungwa, ofisi ya shule ndo ina linki au namba ya kujiandikishia. Siku zilizobaki maktaba, wana shindano la kusoma kila kiangazi, mtoto anasoma vitabu, mara nyingi 6, anapata zawadi, nalo bure.

Mwalimu hili linaniumiza. Mwaka juzi kijana wangu alimaliza mwaka wa 6, akarudi na shati jeupe lote limeandikwa makapeni, majina, vikatuni, mpaka kwenye kola. Nikamgombeza, nikaliroweka kwenye jiki, nikasema atavaa mdogo wake. Hakula siku ile. Juzi nimeambiwa ni mila yao ya kuagana. Sasa mdogo wake anamaliza Ijumaa. – Mama, Slough

Pole mama. Hukukosea makusudi, mtu aliyekuzwa kwa yunifomu moja ya kufua jioni na kuvaa asubuhi atafanyaje akiona shati limechorwa? Hata mie mara ya kwanza nilimfokea mtoto wa watu darasani, mwalimu wake akanivuta pembeni.

Kijana wako saa hizi anamaliza mwaka wa 8. Mwambie kama ulivyoniambia mie, kwamba hukujua. Usimwambie kwenye chakula mbele ya wenzake, mwambie mkiwa kwenye gari, watoto wa umri huo wanasikia vizuri wakiangalia mbele. Afu muulize nani na nani waliandika. Anawakumbuka. Wengine bado anacheza nao gemu usiku we ukidhani amelala.

Huyu wa Ijumaa mpe shati la zamani lililombana, mwambie mwenyewe kabla hajakuomba, akitoka nalo asubuhi liko kwenye begi. Ndani liwekee kipande cha kadibodi wino usipenye upande wa pili, wanaandikia mgongoni wamesimama. Na mpe makapeni mbili, moja lazima iondoke na mtu.