Mjomba wako aliachaje pombe?

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Umeandika kwamba mjomba wako kila akitoa ushuhuda usharikani husema ameacha pombe "kwa neema tu", ukauliza: kama ni neema tu, yeye alifanya nini? Na kama aliamua mwenyewe, kwa nini asifiwe Mungu?

Ugomvi huo ulipamba moto Afrika yetu hii. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba kule Algeria, aliomba hivi: nipe unachoamuru, kisha uamuru utakalo. Pelagius, mtawa wa wakati huo, alichukizwa mno na sala hiyo. Aliona inawapa watu kisingizio. Kwake yeye, Mungu akiamuru, basi mtu anaweza. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo, wakayakataa mafundisho yake.

Simdharau Pelagius. Hata mimi nilimwambia mjomba wako, "Amua tu!" Naye aliamua, tena mara nyingi. Aliapa mbele ya bibi yako, lakini siku ya mshahara miguu ikampeleka kilabuni. Hiari alikuwa nayo, ila ilikuwa inaumwa. Na neema, anavyofundisha Augustino, haiiondoi hiari, huiponya.

Kumbuka bibi yako alivyoamka alfajiri kumwombea. Hakuomba, "Bwana, tuone ataamuaje." Aliomba, "Mgeuze moyo." Augustino alishika hoja hiyo hiyo: Kanisa likiwaombea wasioamini, limekwisha kukiri nani anayegeuza mioyo. Mimi hapo ndipo nilipoelewa, si kwenye vitabu.

Lakini moyo ulipogeuka, nani aliyeacha kupita kilabuni, akazunguka njia ndefu hadi stendi ya Rangi Tatu? Ni yeye, kwa miguu yake. Paulo anawaambia Wafilipi wautimize wokovu wao, kisha hapo hapo anasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Wala hagawi nusu kwa nusu.

Mwenzake wa kilabuni tulimzika, naye mama yake alimwombea. Hilo linaniuma, sina jibu lake. Nashika tu walivyosema maaskofu wa Orange, Ufaransa, mwaka 529: neema hututangulia, lakini Mungu hakumpangia mtu yeyote uovu.

Mjomba wako bado anazunguka ile njia ndefu. Ukija Pasaka, tembea naye, akusimulie siku ya kwanza ilivyokuwa.

Mama yako