Makaroni ya furu bila furu, kwa mfuko wa mwanafunzi wa Goma

Mdogo wangu, umeuliza kama makaroni ya furu (oveni), ile yenye ganda la kahawia juu, inaweza kupikwa na wanafunzi wanne wenye mbabula moja (jiko la makala, yaani makaa), sufuria mbili na pesa za kuungaunga. Wenzangu wawili wamekujibu uache mpaka upate furu ya umeme. Mimi nakataa. Nilisoma Goma, huku mashariki ya Kongo, nikapanga mtaa wa Ndosho na baadaye Katindo, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha jumamosi pesa za nyumbani zikichelewa. Kinashibisha, na hakikuhitaji umeme ambao hata hivyo ungekatika kabla fromaji (jibini) haijayeyuka.

Kwanza uelewe kazi ya furu yenyewe. Inachokuzidi ni moto wa juu, basi. Mbabula inatoa moto chini peke yake, ndiyo maana watu wanaunguza sehemu ya chini huku ya juu imebaki nyeupe na majimaji. Kwa hiyo unahamisha moto: theluthi moja ya makala ibaki chini, theluthi mbili zipande juu ya mfuniko. Mama zetu wanaooka keki nyumbani wanafanya hivyohivyo. Tafuta sufuria nzito ya alumini, si ile nyepesi inayobonyea ukiishika, na mfuniko wa chuma usio na kishikio cha plastiki. Mfuniko ukiwa na mgongo, ugeuze tumbo juu, makala yatatulia humo bila kuanguka.

Ukiwa na sufuria kubwa na ndogo ni vizuri zaidi. Tandaza changarawe za volkano ndani ya kubwa, kisha ukalishe ndogo juu yake na ufunike kubwa. Moto wa chini unafika polepole, chakula hakishiki. Ila changarawe ziwe kavu kabisa. Jiwe lenye maji likipata moto wa ghafla linaweza kupasuka.

Sasa vitu vyenyewe. Kwa watu wanne pakiti moja ya gramu 500 inatosha, maana ikiiva inazidi kilo. Soma nyuma ya pakiti: ikiandikwa kwa Kifaransa kwamba imetengenezwa kwa semoule de blé dur, yaani ngano ngumu, itavumilia kupikwa mara mbili. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi ni za ngano laini, na hizo zitoe majini mapema, dakika tatu kabla ya muda ulioandikwa, la sivyo utakula uji.

Kuhusu muda, kuna jambo linalowachanganya wengi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Pakiti ikisema dakika 9, imeandikwa kwa mtu wa pwani. Kwetu dakika 9 zinaiacha na ugumu kidogo katikati, na kwa chakula cha kuoka huo ndio ugumu unaoutaka. Kwa ile ya ngano ngumu, fuata saa ya pakiti bila kuongeza. Italia wanakadiria lita 1 ya maji kwa kila gramu 100, maana yake lita 5 kwa pakiti yako. Nani atachemsha lita 5 kwa makala ya kununua? Lita 2 zinatosha, ilimradi ukoroge sana dakika za mwanzo isigandane. Ukichuja, weka pembeni kikombe kimoja cha yale maji mazito.

Mchuzi wa tomati: kaanga vitunguu viwili, kitunguu saumu, pwaro (liki) moja na karoti mbili ulizozikwaruza. Weka tomati sita au saba zilizoiva hata kama zimepondeka, wauzaji wanazishusha bei jioni, na tomati ya pakiti ya gramu 70 kwa rangi. Acha uchemke mpaka mafuta yapande juu.

Badala ya nyama, tia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Hapa sitabishana na mtu. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sijui mwanafunzi wa mji huu angeishije bila wao. Ukiamka mapema wakati wavuvi wanarudi, shuka soko la Kituku, kando ya ziwa, ununue wabichi. Wakavu wanapatikana saa yoyote, ila waoshe vizuri kwa sababu ya mchanga. Wakaange peke yao mpaka wakauke na kulia mdomoni, ndipo uwachanganye. Ukiwatia wabichi kwenye mchuzi watavunjikavunjika na sufuria nzima itanuka ziwa. Nasikia Waitaliano wengi hawapendi kuchanganya samaki na fromaji. Waendelee hivyohivyo.

Mchuzi mweupe ndio unaofanya chakula kiitwe cha furu. Yeyusha vijiko viwili vya mezani vya margarini, ongeza vijiko vitatu vya unga wa ngano, koroga dakika moja au mbili bila kuacha ubadilike rangi, kisha mimina nusu lita ya maziwa kidogokidogo. Maziwa ya unga yanafaa kabisa. Ukipata maziwa ya ng'ombe, yachemshe kwanza. Ukiona mabonge, toa motoni na upige kwa uma. Ukiona umekuwa mzito mno, kile kikombe cha maji ya makaroni kiko hapo kwa ajili hiyo.

Fromaji usiogope. Ya Masisi, kule kwa wafugaji karibu na Goma, inauzwa mviringo mzima, lakini wauzaji wengi wanakubali kukukatia kipande. Ikwaruze na uweke yote juu, hata chembe isiingie katikati, kwa sababu ya katikati mtu haioni wala haisikii, ameshazidiwa na tomati. Ikiwa kidogo, changanya nusu kwa nusu na mkate uliokauka, uliousagia mkononi. Kusema kweli napenda hiyo ya mkate kuliko ya fromaji tupu, inakuwa ngumu juu na kupasuka vizuri. Na punguza chumvi kwenye mchuzi, fromaji ile ina chumvi yake.

Kupanga: paka sufuria mafuta, weka makaroni iliyochanganywa na mchuzi wa tomati na sambaza, mwaga mchuzi mweupe juu, halafu fromaji na mkate. Kabla ya kufunika, angalia unyevu. Mchanganyiko uwe mwepesi kuliko unavyotaka kuula, kwa sababu makaroni itaendelea kunywa. Wengi wanaosema mbabula haifai, ukiwauliza vizuri, waliweka mchuzi mkavu.

Makala ya ziada huhitaji. Yale yaliyochemsha maji na kupika mchuzi sasa yamekuwa mekundu, theluthi mbili zihamishe kwa koleo juu ya mfuniko. Usifunue robo saa ya kwanza. Baada ya hapo chungulia, zungusha sufuria kidogo, rudisha mfuniko. Nusu saa hivi inatosha: utasikia inachemka pembeni na juu imekuwa kahawia. Inua mfuniko wima, jivu lisikuangukie chakulani, na uache kitulie dakika kumi kabla ya kukata. Hizo dakika kumi ndizo ngumu kuliko zote, na wenzako watakutukana.

Haya yote yafanyike nje, kwenye parseli, yaani uani. Mvua ikija, watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga mlango, na hapo wanakufa. Gesi ya makala, monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Sisi wa Goma tunaogopa mazuku, ile gesi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, tena tunawafundisha watoto wasicheze huko. Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatengeneza hatari ya namna hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Mvua ikinyesha, pikeni kesho.

Uliuliza pia kama mawese yanaweza kushika nafasi ya margarini. Kwenye mchuzi wa tomati, ndiyo, tena yanaleta utamu. Kwenye mchuzi mweupe, hapana: unageuka rangi ya chungwa na ladha inaifunika fromaji. Kama mawese ndiyo pekee mliyo nayo, achana na mchuzi mweupe. Piga mayai mawili na kikombe cha maziwa, changanya na makaroni, ongeza lengalenga (mchicha) uliyoichemsha na kuikamua maji yote, na mkate juu. Yai litashika kila kitu, na hiyo inakatika vipande safi unavyoweza kubeba kesho chuoni, ukivipasha moto vizuri asubuhi kwanza.