Maswali yenu: Mzee wa barafu na supu ya kuku

Mara hii mmeniuliza kuhusu "Heart of Ice", ile sehemu ya katuni ya Batman iliyoonyeshwa mara ya kwanza Marekani mwezi wa Septemba 1992. Nimeitazama upya juzi, umeme uliporudi.

*Yaya, huyu Mr. Freeze ni mubaya ao ni wa kuhurumiwa? (Kijana wa Kamalondo)*

Yote mawili. Jina lake halisi ni Victor Fries, na alikuwa mwanasayansi. Mkewe Nora aliugua ugonjwa usio na dawa, Fries akamgandisha kwenye mashine ya baridi ili asubiri dawa ipatikane. Bosi wake, Ferris Boyle, alipoona pesa za kampuni zinaliwa, akaja na walinzi kuzima mashine. Fries akamsihi, Boyle akampiga teke, akaangukia meza ya kemikali. Tangu hapo hawezi kuishi ila kwenye baridi kali. Halafu siku ya kisasi Boyle yuko wapi? Kwenye karamu, anatunukiwa kwa utu wema! Sisi tuliokulia Lubumbashi, mbele ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba, bosi wa namna hiyo hatuhitaji kutafsiriwa. Kwangu mimi mubaya ni yeye. Freeze naye si malaika: msaidizi wake anagandishwa miguu, naye anamwacha palepale.

*Ni kweli Batman alishinda kwa supu? (Mama wa Katuba)*

Kweli kabisa, mama. Batman ana mafua, anapiga chafya, na Alfred, mtumishi wake wa nyumbani, amemfungia supu ya kuku ndani ya termosi. Freeze anapomzidi nguvu, Batman anaipasua ile termosi juu ya kofia ya kioo ya Freeze. Supu ya moto, kioo cha baridi: paa! Nyufa kila upande. Mwaka mmoja, Oktoba ya joto, nilijaribu jambo hilo kwa glasi iliyotoka friji na chai ya moto. Glasi ilikuwa ya wageni. Siku hiyo bukari (ugali) nililila nimesimama.

*Nani aliitunga? (Mwanafunzi, Ruashi)*

Paul Dini aliandika, Bruce Timm akaongoza, na maandishi yakapata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani. Kabla yao Freeze alikuwa mtu wa kuchekesha tu. Alipozaliwa kwenye vitabu vya picha mwaka 1959 aliitwa Mr. Zero.

*Nora alikufa? (Yuleyule wa Kamalondo)*

Katika sehemu hii Freeze anaamini hivyo. Ndiyo maana tunamwacha ndani ya seli ya baridi, ameshika tufe la kioo lenye kisanamu cha mcheza densi, akimwomba mkewe msamaha. Lakini tafuta "Deep Freeze", sehemu nyingine ya katuni hiyo, ya mwaka 1994: Nora bado yumo ndani ya barafu yake.