Maswali ya wasomaji: Yaya Touré anakosaje kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa EPL?

Toleo lililopita tuligusia Ukumbi wa Umaarufu wa EPL (Ligi Kuu England), ile heshima ya magwiji wa ligi iliyoanza 2021, Alan Shearer na Thierry Henry wakawa wa kwanza kuingia. Tangu hapo meseji hazijakoma, na nyingine ni za moto kweli. Nimechukua zile zilizojirudia sana. Orodha ninayoitumia ni ya walioingia mpaka mwisho wa 2024, ili tusivutane bure.

SWALI: Kaka naomba unieleweshe, Vieira yumo, Keane yumo, Scholes, Lampard, Gerrard wote wamo, Yaya Touré wamemuweka wapi? Au kwa kuwa hakuwa anakimbia kimbia kama wengine? – Shabiki wa Manchester City

JIBU: Ndugu yangu hapa umegusa penyewe, na mimi nasema wazi kabisa, Yaya kukosa kwenye hiyo orodha ni kosa. Ila kwanza tuelewane kwenye kitu kimoja maana nusu ya mabishano yanaharibikia hapo: ukumbi huu unaangalia EPL tu. Kwahiyo lile bao lake la fainali ya Kombe la FA 2011 dhidi ya Stoke halimo, lile shuti la mbali la fainali ya Kombe la Ligi 2014 dhidi ya Sunderland halimo, na tuzo 4 mfululizo za mchezaji bora wa Afrika nazo weka pembeni. Ukishatoa vyote hivyo, bado anatosha.

Chukua msimu wa 2013/14. Kiungo, sio straika, anafunga mabao 20 ya ligi. Waliomzidi ni Suárez na Sturridge tu, na wale kazi yao ilikuwa kufunga. City wakachukua ubingwa kwa pointi 86, Liverpool 84. Sasa toa mabao ya Yaya pale uniambie kombe linakwenda wapi.

Halafu kuna ile mechi ya Newcastle, Mei 2012, mimi naona watu wanaisahau kwa sababu wiki iliyofuata Agüero alifunga lile bao lake la ubingwa dakika za majeruhi na dunia nzima ikabaki inaongelea hilo. City na Manchester United wako sawa kwa pointi, zimebaki mechi 2, City wako ugenini na mpira umekataa. Kocha wa City, Mancini, anamtoa Nasri anamuingiza De Jong. Ukiangalia haraka unasema kocha kaogopa huyu, anatoa mshambuliaji anaingiza mkabaji, kumbe alikuwa anampa Yaya ruhusa ya kupanda juu. Dakika ya 70 Yaya anapigiana pasi na Agüero, anaupeleka mpira kwenye kona ya goli kwa ndani ya mguu, taratibu tu, kipa haufikii. Mwishoni akaongeza la pili, 2-0. Bila siku ile hakuna Agüero wa dakika za majeruhi.

Na hilo la kutokukimbia silikubali kabisa. Tafuta bao lake dhidi ya Aston Villa, Mei 2014, dakika za nyongeza, City wanaongoza 3-0 na mtu mwingine angeshaanza kuwaza kuoga, yeye anauchukua mpira kule nyuma anakimbia nao mpaka kwenye boksi, mabeki wanamgonga wanadondoka, anafunga. Mtu mvivu hafanyi vile dakika ya 93. Alishawahi kuwekwa kwenye orodha ya kupigiwa kura, kura hazikutosha, na hapo ndio naumia.

SWALI: Mimi naona rahisi tu, wahesabu mataji. Mwenye mengi aingie, asiye nayo abaki nje. Mbona tunajichosha?

JIBU: Hapana mkuu. Kwa hesabu hiyo Phil Neville mwenye mataji 6 anaingia kabla ya Shearer mwenye 1, na Gerrard ambaye hana hata moja hakanyagi hata mlangoni. Namheshimu Phil, alikuwa mtu wa timu kwelikweli, lakini swali langu mimi kwa kila mchezaji ni hili: ukimtoa yeye, ligi ya miaka ile inabadilika? Medali zije baada ya hapo.

SWALI: Robbie Fowler au Michael Owen? Tumebishana kijiweni mpaka tukanuniana, wewe amua.

JIBU: Naamua: Fowler. Owen ana kiatu cha dhahabu (tuzo ya mfungaji bora) mara 2, 1998 na 1999, japo zote aligawana na wenzake, na ana ubingwa wa 2011 akiwa United. Ana mabao 150. Sio mdogo huyu, na mwaka wowote akiingia sitalalamika. Lakini Fowler ana 163, na katikati ya miaka ya tisini akiwa Liverpool, msimu wa mabao 25 ukifuatiwa na wa 28, alikuwa anafunga kwa mguu wa kushoto mipira ambayo kipa anaiona kabisa na bado hafiki. Agosti 1994 aliwapiga Arsenal hat-trick (mabao matatu) ndani ya dakika 4 na sekunde 33, na ile Arsenal ndio ya Seaman, Dixon, Adams na Winterburn jamani. Rekodi ile ya hat-trick ya haraka zaidi ilikaa mpaka 2015, Mané alipoivunja. Wanaomkataa wanasema hakuchukua ubingwa, nimeshajibu hapo juu.

SWALI: Rio Ferdinand ndani, Vidić nje. Haki iko wapi? – Mdada wa Old Trafford

JIBU: Dada yangu haki haipo. Vidić ni mchezaji bora wa msimu wa ligi mara 2, 2009 na 2011, akiwa beki wa kati, na mataji 5 juu. Najua watakuletea ile ya Torres wa Liverpool kumsumbua Machi 2009 na zile kadi nyekundu 3 kwenye mechi 3 mfululizo dhidi ya Liverpool, ni kweli zilitokea. Lakini msimu ule ule wa Torres ndio United walikaa mechi 14 za ligi bila nyavu zao kuguswa, na Vidić alikuwa pale katikati akiweka kichwa sehemu ambazo wengine wanaogopa kuweka mguu. Mpeni nafasi yake pembeni ya Rio.

SWALI: Na Jay-Jay Okocha je? Usinijibu vibaya.

JIBU: Sikujibu vibaya, nampenda sana Okocha. Lile bao lake la Aprili 2003 dhidi ya West Ham, alivyobeba mpira peke yake akapiga lile kombora na Bolton wakashinda 1-0 wakiwa wanapambana wasishuke daraja, mpaka leo naliangalia. Ila kwa ukumbi huu hapiti. Masharti yao yanataka mechi 250, au vigezo vingine kama mabao 100, mataji 3 au kiatu cha dhahabu, na yeye alikaa EPL misimu 4 tu. Mwafrika pekee aliyeingia mpaka hiyo 2024 ni Drogba, wa 2022. Kwahiyo kura yenu ya Okocha naomba muihamishie kwa Yaya.