Mteja Harudi kwa Ajili ya Pointi

Nauza leso mtandaoni, niko Majengo. Mteja anunua mara moja, alalamika leso siyo ya kwenye picha, simuoni tena. Nianze kutoa pointi kama maduka makubwa?

Pointi za nini, na leso uliyotuma siyo ya kwenye picha? Mnunuzi wa leso ataka kuona pindo, mji na jina. Wewe waipiga picha imekunjwa, jina halisomeki, na taa ya duka imegeuza zambarau kuwa damu ya mzee. Mwenzio kaagiza ya kumpelekea mama mkwe, kafungua mfuko akakutana na "Hasidi hana sababu". Ikunjue, ipige picha mchana, andika jina lake chini. Ukikosea, badilisha siku hiyo hiyo na nauli ya boda iwe juu yako. Aliyekosewa kisha akatengenezewa bila mabishano ndiye atakayewaambia dada zake. Pointi ni punguzo tu, na punguzo huleta wapenda punguzo. Jirani akishusha shilingi hamsini, wamehama. Na usijifiche nyuma ya "mali ikishauzwa hairudishwi": Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 yakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa.

Kwa nini watu hukasirika nikiandika "bei njoo inboksi"?

Wanakushuku kwamba wapima mtu kabla ya kutaja bei. Andika bei.

Mteja wa Likoni ataka kulipa akishapokea mzigo. Mimi niko Nyali. Nimkubalie?

Mkubalie, ila nauli atangulize. M-Pesa tangu 2007 imerahisisha kulipa. Kuaminiana ni kazi yako. Hata duka la mtandaoni la Jumia, na ukubwa wake wote, lilikubali kulipwa mlangoni. Akishapokea mara mbili tatu bila kero, atatuma pesa mwenyewe hata hujamwomba. Na umwambie saa ya kweli. Feri ikiwa na foleni, sema kuna foleni. Wauzaji wetu hujibu "mtu wa boda yuko njiani" naye bado anywa chai Kongowea, kisha washangaa mteja kuzima simu.

Nimelipia viatu kwenye ukurasa fulani, wameniblok. Nifanyeje?

Swali hili tena! Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, upesi. Tapeli akishazitoa pesa, huna cha kurudishiwa, nenda polisi. Lakini jina la mpokeaji lilikutokea kabla hujathibitisha. Duka lina jina hili, pesa zaenda kwa mtu mwingine kabisa, na bado ukabonyeza. Na usidanganywe na wingi wa wafuasi wa ukurasa: wafuasi hununuliwa, jamani.

Wateja wangu wananipenda. Niache kazi nikae na duka la mtandaoni tu?

Copia, kampuni ya Kenya iliyouza bidhaa kwa oda, ilikuwa na wateja na mawakala wenye maduka vijijini kote, na Mei 2024 ikaishiwa pesa, ikawekwa chini ya wasimamizi. Mapenzi ya mteja hayalipi mafuta ya gari. Kaa na daftari: kila mzigo wa Mtwapa au Changamwe, toa nauli, toa uliorudishwa, toa ada ya till, namba ya M-Pesa unayolipiwa dukani. Kinachobaki kisipofika kodi ya nyumba, usiandike barua ya kuacha kazi.